Kipande cha Dakika ya Saba

Kazini walimwita Sekunde, na jina lenyewe hakulichagua. Walimpa kwa sababu ya ile saa ya kuhesabia sekunde aliyoivaa shingoni kwa kamba, mwaka wa ishirini na mbili huu, kama refa aliyesahau kwenda nyumbani. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya filamu zilizokwisha pigwa. Usidhani ni lelemama. Mpiga picha anakwenda anapiga anavyotaka, mhariri anakata na kuunga anavyotaka, na mwisho kabisa, wote wakiwa wameshachoka na wameshagombana, ndipo wanapomkumbuka mtu wa maneno. Anakabidhiwa picha iliyofungwa, haiongezwi wala haipunguzwi, anaambiwa haya, ijaze. Hapa una sekunde tisa, pale una nne na nusu. Kwa hesabu zake sekunde moja inabeba maneno mawili, yakizidi hapo msomaji anayeyasoma kwa sauti anaanza kukimbizana na picha, na picha haimsubiri mtu.

Mwaka huo alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ulikuwa uchovu wa kuamka nao, ukaoga nao, ukapanda nao ngazi za ofisini mpaka ghorofa ya tatu.

Filamu iliyomfikia wiki hiyo ilikuwa ya dakika kumi na moja, ya kufundishia wafanyakazi wa chumba cha boila katika hospitali moja kubwa. Boila ndiyo inayotoa mvuke wa kufulia mashuka na kuchemshia vyombo vya wodini. Mwezi uliotangulia, mfanyakazi mmoja mgeni alitumwa kufunga koki kuu ya mvuke ili mafundi wafungue bomba. Akaizungusha upande usio wake, akaiachia. Mvuke ulimchoma mkono na kifua. Hapo ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba miaka sita nyuma waliwahi kupiga picha za kufundishia kazi hiyohiyo, zikatupwa stoo bila kumaliziwa. Wakataka zimaliziwe upesi. Jumatatu saa mbili asubuhi wafanyakazi wote wangeketi kuitazama, na siku hiyohiyo wangeingia kazini wakiifuata. Kwa hiyo neno likikaa vibaya, mtu mwingine anaungua. Sekunde alilijua hilo tangu siku ya kwanza, maana mhariri alimwambia hivyo hivyo, tena akiwa hacheki.

Alipoifungua ile filamu, mtu wa kwanza kumwona alikuwa baba yake mzazi.

Hakuna aliyemwambia. Nani angemwambia, na ofisini hawakumjua mzee? Alikuwa amesimama mbele ya boila na ovaroli lake la bluu, mabega yakiwa bado mabega, anaonyesha hiki, anaonyesha kile, mdomo unacheza. Sauti haikuwepo. Ngurumo ya boila ilikuwa imeimeza yote siku ile ya kupiga, ikabaki picha tupu ya mtu anayesema asiyesikika. Sekunde alikaa akamwangalia mpaka filamu ikaisha yenyewe. Kisha akaenda chooni, akanawa uso, akarudi.

Kwa sababu mzee wa nyumbani hakuwa huyu. Mzee wa nyumbani alikuwa anasahau jina la chakula huku anakila. Alikuwa akimwita Sekunde "mama", "dada", na siku nyingine "wewe muuguzi", na akimuuliza kila asubuhi kama gari la kazini limeshapita. Mwaka wa tatu sasa. Sekunde na mdogo wake wa mwisho, Kitinda, walipokezana kumtunza, mmoja mchana, mwingine jioni, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka mara ya mwisho kukaa akanyoosha miguu.

Basi akafanya nini? Akakata kipande cha karatasi, akakibandika kwenye skrini kwa utepe wa gundi, pale uso wa mzee ulipokuwa ukitokea mara nyingi. Kazi ni kazi, alijiambia. Chini ya karatasi ilibaki mikono tu, na pembeni namba za dakika na sekunde zinakimbia. Akaanza kuandika alichokiona, kama alivyozoea. Andika kilicho kwenye picha, usiandike kilicho kichwani mwako: hiyo ndiyo sheria aliyowafundisha wengine wote.

Dakika ya pili, kioo cha maji: maji yawe nusu ya kioo na kidogo, yakishuka hapo boila inaungua. Dakika ya nne, mshale wa mvuke: usimame kwenye sita. Dakika ya saba ilikuwa koki yenyewe. Mikono miwili ilishika gurudumu la koki na kulizungusha mpaka likagoma. Sekunde akabonyeza saa yake, akapata sekunde sita, akaandika: "Shika gurudumu kwa mikono miwili. Lizungushe kuelekea kushoto, polepole, mpaka likaze." Akahesabu maneno. Yakakaa.

Kipande cha mwisho kilikuwa cha kupokezana zamu. Katika chumba kile walikuwa na desturi yao. Anayetoka hatoki mpaka anayeingia aweke mkono juu ya mkono wake, pale kwenye koki, aulizwe maji, aulizwe mvuke, ajibu, kisha aseme "nimepokea". Bila neno hilo zamu haijaisha, hata kama mkono wa saa umezunguka mara mbili. Sekunde alikua na desturi hiyo nyumbani. Mzee wake aliwahi kukaa kazini mpaka kesho yake mchana kwa sababu mwenzake aliugua, na marehemu mama yao akamwekea sahani mezani na kumwambia, "Mke mwenzangu hajambo?" Hata ukimpa mzee chupa ya chai, hakuiachia mkononi mpaka useme umepokea.

Siku ya kupiga filamu, mpokeaji alichelewa na betri ya kamera ikafa. Picha iliishia pale: mikono ya mzee iko kwenye koki, inangoja, na hakuna aliyekuja. Sekunde akaandika maneno kumi na mawili juu yake na kufunga daftari.

Alhamisi alirudi nyumbani na filamu kwenye kompyuta ndogo. Alikuwa na mazoea ya kusoma maelezo kwa sauti kabla hajayapeleka kwa msomaji, kuona kama ulimi unakwama. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni kasoro, saa mbaya kuliko zote katika nyumba ile. Kila siku wakati huo mzee aliinuka, akavaa viatu, akaenda mlango wa mbele, akashika kitasa kwa mikono miwili. Hakukizungusha. Alikishika tu, akasimama, saa nzima, siku nyingine saa mbili, miguu ikimtetemeka. Ukimwita haji. Ukimvuta anakasirika. Daktari alisema ndiyo ugonjwa wenyewe, jua likizama huwa wanahangaika. Kitinda aliamini mzee anataka kutoroka, kwa hiyo ufunguo aliutia kwenye sidiria.

Siku hiyo mwanga wa skrini ulimvuta mzee, akaacha kitasa akaja kusimama nyuma ya kiti cha Sekunde. Karatasi ya usoni ilikuwa imebaki ofisini. Mzee aliitazama sura yake mwenyewe bila kuitambua.

"Lizungushe kuelekea kushoto," Sekunde alisoma, "polepole, mpaka likaze."

"Anafungua huyo," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nakwambia anafungua. Fundi gani huyo? Atawaunguza watu."

"Ndiyo, baba. Nenda ukakae."

"Mwambie aache."

Kitinda aliyekuwa akimenya vitunguu pale mlangoni akacheka kichovu. "Baba leo anagombana na baba. Dada, mwambie basi huyo fundi aache."

"Ameacha, baba," Sekunde akasema, akaifunga kompyuta. Hivyo ndivyo walivyomjibu siku hizi. Ndiyo, baba. Sawa, baba. Gari halijapita, baba. Mzee akamtazama binti yake kwa muda, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kitasa chake.

Ijumaa kazi ikakamilika. Msomaji wao, waliyemwita Radi kwa ule mzinga wa sauti aliojaliwa, alisoma yote kwa mkupuo mmoja akaenda zake safari. Fundi mkuu wa hospitali alipelekewa maelezo kwenye karatasi, akayasaini amesimama, simu iko sikioni. Mhariri akaunganisha sauti na picha na kuituma filamu hospitalini. Sekunde alirudi nyumbani akalala na nguo zake.

Jumapili mchana alimkalisha mzee barazani amkate kucha. Alianza na mkono wa kulia: kidole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Akaupokea wa kushoto. Gumba, shahada, kati, pete, halafu pengo. Kidole cha mwisho cha mkono huo kiliondoka na mkanda wa mashine kabla Sekunde hajazaliwa, na mzee aliwahi kuwafanya watoto wake waamini kwamba watu wazima wote huhesabu mpaka tisa. Sekunde alipokuwa mdogo, wakivuka barabara, alikaa siku zote upande wa kushoto wa baba yake, na kidole gumba chake kiliingia palepale kwenye pengo, kikatulia.

Siku zote upande wa kushoto.

Mkasi wa kucha ukabaki hewani. Alifumba macho akaiona dakika ya saba, maana filamu nzima alikuwa nayo kichwani. Mikono miwili kwenye gurudumu. Pengo liko wapi? Liko kulia. Akaiona ya pili, akaiona ya nne. Humo pengo liko kushoto, mahali pake. Ni kipande kile kimoja tu.

Alimpigia simu mhariri, ambaye kwa kazi yake walimwita Mkasi.

"Mkasi, dakika ya saba. Ile koki. Ulikifanya nini kile kipande?"

"Nilikigeuza tu, dada. Mpiga picha alihamia upande wa pili, mzee akawa anaangalia kushoto wakati filamu nzima anaangalia kulia. Ilikuwa kama watu wawili. Nikakigeuza kama kwenye kioo. Hakina maandishi, hakina namba, ukuta mtupu. Hata wewe hukuona."

"Na mikono nayo imegeuka."

"Imegeuka, ndiyo." Kisha Sekunde akamsikia anavyoanza kuelewa. "Mungu wangu. Na koki."

"Tumewafundisha kuifungua, mdogo wangu. Kwa sauti ya Radi."

Walikutana ofisini saa tisa. Mkasi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amechoka kama yeye, na mtu aliyechoka hutafuta njia fupi. Akasema tubadilishe neno moja tu, badala ya kushoto tuseme kulia, picha tuiache, imeshafungwa, tena tukianza kuwaambia hospitali tumekosea watatuona wa hovyo na kazi itakwenda kwa wengine. Nani anaangalia mikono?

"Wote," Sekunde akasema. "Sauti inasema kulia, mikono inakwenda kushoto, wewe ungefuata nini? Wakishafika kwenye boila inayonguruma, kitakachobaki kichwani ni picha. Watafuata mikono."

Mkasi akajikuna kichwa, akavuta kiti. Kukirudisha kipande mahali pake ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mzee akageuka, akaangalia kushoto peke yake katika filamu nzima, ikawa mbaya kutazama na ikawa kweli. Ila Radi alikuwa safarini, simu haipatikani. Maneno mawili matatu yalihitajika kusomwa upya, na yangesomwa na nani?

Sekunde aliingia kwenye kile chumba kidogo cha kurekodia. Miaka ishirini na miwili aliandika na sauti yake haikusikika hata mara moja. Akaisogelea maikrofoni akasoma: "Lizungushe kuelekea kulia, polepole, mpaka likaze." Ilitoka sauti ya mwanamke aliyechoka. Mkasi akauliza kama arudie, achangamke kidogo. Akasema hapana, nina nyingine wapi.

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limeshazama na mzee yuko kwenye kitasa. Sekunde alisimama nyuma yake.

"Baba, ulisema kweli. Yule alikuwa anafungua. Nisamehe."

"Nani?" mzee akauliza bila kugeuka. Hakukumbuka kitu. Na hilo lilimuuma Sekunde kuliko kosa lenyewe, maana msamaha aliuleta, na mwenye kuupokea hakuwepo.

Jumatatu alifika hospitalini saa moja na nusu na filamu mpya mkononi. Fundi mkuu alipoelezwa alikaa chini kwanza. Kisha akasema, "Na mimi nilisaini." Hakuuliza kosa la nani. Watu kumi na wanne waliketi kwenye mabenchi ya ukumbi wa mafunzo, na mbele kabisa alikaa yule aliyeungua, mkono mmoja umefungwa bendeji mpaka kiwikoni. Dakika ya saba ilipofika, sauti ya Radi ikapumzika na ya Sekunde ikaingia. Yule mtu akainua mkono wake mzima na kuuzungusha hewani, kuelekea kulia, polepole, mpaka ukakaza. Akaurudia tena na tena hata picha ilipopita. Sekunde aliyekuwa amesimama nyuma ukutani akageuka kando, akalia kidogo kidogo, kisha akajifuta kwa kamba ya saa yake kwa kuwa hakuwa na kitambaa.

Aliwahi nyumbani siku hiyo. Kitinda alikuwa ameshautia ufunguo mahali pake, kwenye sidiria. "Dada, leo sina nguvu za kumvuta," akasema. "Mvute wewe."

Badala ya kumvuta, Sekunde alimwekea filamu mezani, labda itamsahaulisha mlango. Mzee akaja, akasimama, akatazama. Kwenye dakika ya saba akaguna, kile kiguno chake cha zamani cha mtu aliyeridhika na kazi.

"Anafunga," akasema. "Huyu anajua kazi."

"Anajua, baba."

Kikaja kipande cha mwisho. Mikono kwenye koki, mzee wa kwenye picha anangoja, anatupa jicho mlangoni, anangoja. Picha ikakatika.

"Nani anampokea?" mzee akauliza.

Sekunde akageuka kumtazama.

"Huyo mtu kachoka," mzee akasema. "Mbona hapokelewi?" Akavuta viatu vyake, akaenda mlangoni, akashika kitasa kwa mikono miwili, akatupa jicho pembeni, akasimama.

Hapo Sekunde akamwona. Miaka mitatu walikuwa wakimvuta mikono, wakimfungia, wakimbembeleza kwa chakula, na yeye hakutaka kwenda popote. Alikuwa zamu. Kila jioni saa kumi na mbili alikuwa akingoja mtu mmoja tu, na wao wakimwambia ndiyo, baba, sawa, baba.

Alivua saa yake shingoni akaiweka mezani. Akaenda mlangoni, akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake, ule wa kushoto, kidole gumba kikaingia kwenye pengo bila kutafuta.

Mzee akamtazama, usoni amekaza, mtu wa kazi anayemkagua mwenzake.

"Maji?"

"Nusu ya kioo na kidogo," Sekunde akasema.

"Mvuke?"

"Sita."

"Koki kuu?"

"Imefungwa. Kulia, mpaka imekaza. Nimeishika."

Mzee akangoja. Kitinda alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Nimepokea," Sekunde akasema.

Vidole tisa vikakiachia kitasa. Mzee akashusha pumzi, akatembea taratibu mpaka kwenye kiti chake, akainama akafungua kamba za viatu, kimoja, halafu cha pili, akavipanga chini ya kiti. "Chai ipo?" akauliza.

Kitinda akaenda jikoni mbio. Sekunde alibaki pale mlangoni, mkono kwenye kitasa.